Stara na Kipimo: Wanawake wa Pasifiki na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Katika lugha ya Kisamoa neno fanua lina maana mbili. Ya kwanza ni ardhi. Ya pili ni kondo la nyuma, lile linalomfuata mtoto anapozaliwa. Watonga hutamka fonua, Wamaori wa New Zealand hutamka whenua, na maana ni hizo hizo. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwani nasi husema kwamba kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kwa watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kizazi cha mwanamke ndiko ukoo unakoanzia, na kwa hiyo ni mahali penye heshima na mipaka. Neno lao ni tapu: kitu kilichotukuzwa, na kwa kutukuzwa huko kikazuiwa kuguswa na kutajwa ovyo.

Mwanamke aliyelelewa katika adabu hiyo huitwa zahanati mjini Auckland, akaambiwa avue nguo za chini, alale chali na atenganishe magoti, ili mtu asiyemjua, pengine mwanamume, aingize chombo cha kuufungua uke na kukwangua seli za mlango wa kizazi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Lakini wapo waliokwenda mara moja wasirudi tena, na wapo waliopokea barua za mwaliko mwaka baada ya mwaka wakaziweka kando bila kuzijibu. Kwa miaka mingi wakuu wa afya waliwahesabu wanawake hao kuwa ni watu wasioelewa. Ukiwasikiliza wenyewe, utaona walielewa mengi. Walichokikosa ni njia ya kulinda uhai wao bila ya kuvunjiwa stara yao.

Inafaa kwanza tuwajue ni akina nani. Pasifika ni jina la jumla wanaloitwa watu wenye asili ya Samoa, Tonga, Visiwa vya Cook, Niue, Fiji, Tokelau, Tuvalu na visiwa vinginevyo, hasa wanaoishi New Zealand. Wengi walihamia huko kuanzia miaka ya 1950, viwanda vilipohitaji mikono. Sensa ya mwaka 2023 iliwahesabu zaidi ya 440,000, yaani karibu watu 9 katika kila 100 wa nchi hiyo, na mitaa ya kusini mwa Auckland kama Māngere na Ōtara ndiyo makao yao makubwa. Ni watu wa kanisa, wa jamaa kubwa, wa kutuma fedha nyumbani, na wengi wa wanawake wao hufanya kazi za zamu na za usiku. Dini yao si yetu, lakini akina mama wa hapa watazitambua nyumba zao. Nchini Tonga, kwa desturi, kaka na dada waliokwisha kubaleghe hawakai chumba kimoja wakatazama au kuzungumza mambo ya kimwili. Wasamoa huita agano la heshima baina ya kaka na dada feagaiga. Katika nyumba ya namna hiyo, neno «mlango wa kizazi» halina pa kutamkiwa sebuleni.

Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, haungoji neno lipatikane. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kugusana kimwili, hasa katika tendo la ndoa. Aina zake ni nyingi, na mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban saratani 7 katika kila 10. Watu wengi walio katika ndoa au waliowahi kuwa nayo hupata virusi hivi wakati fulani wa maisha, na kwa walio wengi mwili huvishinda wenyewe ndani ya miaka miwili hivi, pasipo mtu kujua. Hatari ipo pale vinapong'ang'ania. Seli huanza kubadilika taratibu, na kutoka mabadiliko ya kwanza hadi saratani kamili hupita kwa kawaida miaka 10 au 15, na hata zaidi.

Muda huo mrefu ndio nafasi tuliyopewa. Mabadiliko yakionekana mapema, huondolewa kwa matibabu madogo na mwanamke akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yakiachwa mpaka damu itoke isipotarajiwa na maumivu ya nyonga yaanze, mara nyingi mambo yamekwisha kuwa makubwa. New Zealand ina hospitali nzuri na orodha ya majina ya kila anayestahili kupimwa, na bado wanawake wa Kipasifiki na wa Kimaori huugua na kufa kwa saratani hii kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya. Lengo la nchi lilikuwa asilimia 80 ya wanawake wawe wamepimwa kwa wakati. Wanawake wa Kipasifiki walibaki chini ya lengo hilo.

Kwa nini? Watafiti, wengi wao wakiwa wanawake wa Kipasifiki wenyewe, wameliuliza swali hili kwa njia wanayoiita talanoa. Si dodoso la kujaza visanduku. Ni mazungumzo ya kukaa pamoja, kuulizana ukoo na hali, kula, na kuliacha jambo lije kwa wakati wake. Mtu aliyekaa kwenye baraza la akina mama jioni anajua inavyokwenda. Yaliyotoka katika mazungumzo hayo yanafanana mahali pengi. Jambo la kwanza ni haya, ambayo kwa Kisamoa na Kitonga huitwa mā: haya ya kuonekana, na haya ya kukutana na muuguzi au mpokeaji wageni ambaye ni jamaa au mshirika wa kanisa moja, akajua umekwenda kufanya nini. Linalofuata ni maumivu, au kumbukumbu ya kushikwa kwa haraka bila kuelezwa. Wengine hawakutaka daktari wa kiume. Wengine walisema mwili haukuwauma, basi kwa nini watafute ugonjwa? Wapo pia waliodhani kipimo hicho ni cha wanawake wenye mienendo mibaya, na kwamba kuonekana ukikiendea ni kujitangaza.

Lipo jingine ambalo huenda nalo linajulikana katika kila nyumba inayosoma ukurasa huu: mama hujiweka mwisho. Watoto kwanza, kisha mume, kisha wazee, kisha harusi na misiba ya jamaa, na zamu ya kazi katikati ya yote. Kliniki ikifungwa saa kumi na moja jioni, na yeye amelala mchana kwa sababu usiku alikuwa akisafisha maofisi, ataipata saa ngapi?

Na tusisahau kuaminiana. Baina ya mwaka 1974 na 1976 polisi wa New Zealand walikuwa wakiingia alfajiri katika nyumba za watu wa Pasifiki kuwasaka waliozidisha muda wa vibali vya kukaa, ingawa waliozidisha muda walikuwa wa mataifa mengi. Serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2021, ikiongozwa na Waziri Mkuu Jacinda Ardern. Mtoto aliyeamshwa na hodi ile leo ni bibi, na barua yenye nembo ya serikali haimfikii kama inavyomfikia jirani yake.

Katika tiba yenyewe pia kuna jeraha. Mwaka 1966, katika Hospitali ya Taifa ya Wanawake mjini Auckland, Dkt. Herbert Green alianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa na dalili za awali za saratani hii bila kuwapa tiba iliyokuwa ikikubalika, kwa kuwa aliamini kwamba dalili hizo hazigeuki kuwa saratani. Wanawake hawakuambiwa kuwa wamo katika utafiti. Baadhi yao walipata saratani, na wapo waliokufa. Jambo hilo lilifichuliwa na Sandra Coney na Phillida Bunkle katika jarida la Metro mwezi wa Juni 1987, kukaundwa tume chini ya Jaji Silvia Cartwright, na ripoti yake ya mwaka 1988 ndiyo iliyozaa mambo mawili: haki za mgonjwa zinazotambuliwa kisheria, na mpango wa kitaifa wa kuwapima wanawake ulioanza mwaka 1990. Mpango mzuri, basi, ulizaliwa na usaliti. Mimi simlaumu mwanamke anayeuliza mara mbili kabla ya kulala kwenye kitanda kile.

Tarehe 12 Septemba 2023 mambo yalibadilika. New Zealand iliacha kuanza na kipimo cha kukwangua seli, ikaanza na kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe. Tofauti ya viwili hivi ni kama ya fundi anayekagua boriti. Kipimo cha zamani kilitafuta mbao zilizokwisha kuliwa. Kipya kinamtafuta mchwa. Na kwa sababu virusi hupatikana ukeni, si kwenye mlango wa kizazi peke yake, hakuna tena ulazima wa kufunguliwa na chombo wala kutazamwa na mtu. Mwanamke hupewa kijiti chembamba chenye ncha laini, mfano wa kile cha kusafishia masikio lakini kirefu zaidi. Huingia chooni au nyuma ya pazia, hukiingiza ukeni sentimita chache, hukizungusha taratibu kwa sekunde kadhaa, hukitoa, hukitia katika kichupa chake na kukifunga. Baada ya hapo anavaa na kutoka. Akipenda kufanyiwa na muuguzi, bado inawezekana. Wanaopimwa ni wenye umri wa miaka 25 hadi 69, na asiyekutwa na virusi hurudi baada ya miaka 5 badala ya 3. Kwa wanawake wa Kipasifiki na wa Kimaori ni bila malipo.

Usahihi wake si wa kubahatisha. Vipimo vya maabara vinavyokuza chembechembe za virusi huvigundua katika sampuli aliyojichukulia mwanamke karibu sawa na katika ile iliyochukuliwa na daktari. Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua njia hii.

Wanawake wa Kipasifiki wamelipokeaje jambo hili? Wengi kwa nafuu kubwa. Huelezea kuwa mwili umebaki wao, kwamba hakuna aliyewaona, kwamba jambo lililowakosesha usingizi kwa majuma lilimalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Waliokuwa hawajapimwa kamwe, au waliopitwa na miaka mingi, ndio hasa wanaoguswa na njia hii.

Lakini nisingependa msomaji adhani kijiti kimemaliza kazi. Mazungumzo yale yale yameleta maswali ya haki kabisa. Je, nimekiingiza inavyotakiwa? Je, kinaweza kunidhuru, kukatikia ndani, kupotea? (Hakiwezi kupotea, maana njia hiyo ina mwisho, lakini mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa mchoro wa mwili wake atalijuaje hilo?) Wako waliosema wanamwamini muuguzi kuliko mikono yao, na wapo wazee ambao kujigusa wenyewe mahali pale huwapa uzito kuliko kuguswa na mtu wa kazi hiyo. Wote wana haki, na kuwa na hiari ya njia mbili ndiyo maana ya jambo hili.

Kuna pia suala la mahali. Kabla ya mwaka 2023 majaribio yalifanywa mjini Auckland ya kuwatumia wanawake vifaa kwa posta. Walioitikia walikuwa wengi kuliko wale walioalikwa kwenda kliniki, na hata hivyo walio wengi hawakurudisha kitu. Karatasi ndani ya bahasha haikujibu maswali. Kinachoonekana kufanya kazi ni kijiti hicho hicho kikitoka mkononi mwa mwanamke anayejulikana, anayesema Kisamoa au Kitonga, aliyekaa na wenzake ukumbini baada ya ibada. Visiwani Samoa tangu miaka ya 1920 kumekuwa na kamati za akina mama wa vijiji zilizoshughulikia afya ya wachanga na usafi, na mke wa mchungaji, anayeitwa kwa heshima faletua, huwa na sauti kubwa katika mambo ya wanawake. Mjini Auckland wauguzi wa Kipasifiki wamepita njia hiyo hiyo. Anayekuja kusikiliza habari za shinikizo la damu na sukari huondoka pia na kichupa kilichojazwa, wala hakuna anayejua nani amefanya lipi.

Hata maneno ni kazi. Tafsiri ya kitabibu iliyo sahihi huweza kuwa tusi kanisani, na neno la staha huweza kuwa pana hata lisieleweke. Sisi nasi tunalijua tatizo hili. Tukisema «huko chini» au «sehemu za siri», tumesema mahali pangapi? Kungwi wa zamani alikuwa na maneno yake, na mwari hakutoka ndani bila kuyajua. Nadhani tumeyapoteza kabla ya kupata mengine.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko yote. Ni gumu kulitaja katika jarida linalosomwa na nyumba nzima, lakini kulinyamazia ndiko kunakovunja nyumba. Kipimo cha zamani kilisema: seli zako zimebadilika. Kipimo kipya kinasema: una virusi vinavyopita kwa njia ya kimwili. Mwanamke aliyeolewa kwa miaka 20, asiyemjua mwanamume mwingine, husoma jibu hilo akageuka kumtazama mumewe. Au mume husoma akamtazama yeye. Woga huo umetajwa na wanawake wa Kipasifiki kuwa ni sababu ya kutotaka kupimwa kwa HPV hata kama wangekubali kipimo cha zamani, na hakuna haja ya kuuliza kama ungetajwa pia Lamu, Malindi au Kisauni.

Jibu la kitabibu liko wazi, na lingepaswa kutolewa kabla ya kijiti, si baada ya majibu. Virusi hivi vinaweza kulala mwilini miaka mingi, hata makumi ya miaka, bila kuonekana kwenye kipimo, kisha vikaonekana kinga ya mwili inapopungua kwa umri au maradhi. Hakuna kipimo kinachoweza kusema viliingia lini wala kwa nani. Huenda vilitoka katika ndoa ya kwanza ya mmoja wao. Huenda mjane wa miaka 60 akawa navyo. Kuwa na HPV si ushahidi wa zinaa, na anayeifanya kuwa ushahidi amemsingizia mwenzake kwa jambo asilolijua. Wauguzi wanaolieleza hili mapema, na kwa mume pia pale mke anaporidhia, huokoa mengi zaidi ya mlango wa kizazi.

Kinachofuata baada ya kukutwa na virusi nacho kielezwe bila kufichwa, kwa sababu hapa ndipo ahadi ya stara inapofika mpaka wake. Nchini New Zealand, mwenye aina ya 16 au 18 hupelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu atakayeutazama mlango wa kizazi kwa darubini. Mwenye aina nyingine hurudi kuchukuliwa sampuli ya seli na muuguzi au daktari. Kwa hiyo kitanda kile hakikuondoka kabisa. Kimebaki kwa wachache wanaokihitaji. Mwanamke anayeambiwa tangu mwanzo hufika. Anayeahidiwa kwamba hataguswa kamwe, kisha akaitwa, huona amelaghaiwa kwa mara ya pili.

Kwetu Kenya, saratani hii hugunduliwa kwa wanawake zaidi ya 5,000 kila mwaka na kuua zaidi ya 3,000. Mwezi wa Oktoba 2019 uzinduzi wa kitaifa wa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ulifanyika hapa hapa Mombasa. Chanjo huwalinda mabinti. Mama zao na shangazi zao wanabaki na kipimo. Miongozo ya kitaifa inawataka wanawake wapimwe, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Njia iliyoenea zaidi katika vituo vyetu ni ile ya kupaka siki na kutazama kwa macho, ambayo humtaka mwanamke alale na kufunguliwa. Lakini miongozo hiyo hiyo inaruhusu kipimo cha HPV, na inaruhusu mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe pale kipimo hicho kinapopatikana. Hakipatikani kila mahali, na si kila muuguzi atakutajia.

Basi ukienda kliniki, hata kama umempeleka mtoto, muulize muuguzi wa kike maswali matatu: kipimo cha HPV kipo hapa au kwenye hospitali ya rufaa? Naweza kujichukulia mwenyewe? Na nikikutwa na virusi, nitatibiwa wapi na kwa gharama gani? Majibu ya maabara hayatoki siku hiyo. Watakuomba nambari ya simu ya kukuarifu, na hapo usiandike ya duka la jirani wala ya kijana wa nyumbani anayeshika simu za wote. Andika ile inayolala nawe.